Ukungu wa Mzee Mkunjo

Jina la Mzee Mkunjo hakujipa mwenyewe. Alipewa na suruali za watu. Suruali ikipita mikononi mwake ilitoka na mkunjo uliosimama wima kutoka kiunoni mpaka miguuni, na mwenye suruali akikatiza nayo barabarani, hata njaa yake haikuonekana.

Kazi yake ilikuwa udobi. Kibanda chake kilikuwa chumba kimoja kirefu nyuma ya duka la vitambaa, chenye dirisha moja tu, juu karibu na dari. Upande mmoja palikuwa na pipa la maji ya moto lililotokota juu ya jiko tangu alfajiri. Upande wa pili palikuwa na meza ya pasi iliyovishwa blanketi kuukuu. Katikati mabeseni na kamba, na juu ya vyote hivyo, mvuke. Mvuke wa pale haukuwa na haraka. Ulipanda mpaka darini, ukafikiri kidogo, kisha ukashuka kwa njia nyingine. Jua la asubuhi lilipoingia kwa lile dirisha, chumba kizima kiligeuka maziwa, na mtu aliyetoka nje alisimama mlangoni akaita, "Mzee, upo?" maana hakuona kitu ila weupe.

"Nipo," sauti ilijibu kutoka ndani ya weupe. "Ingia tu, ukigonga beseni ujue umefika."

Humo ndimo alimoishi hasa. Nyumbani alikwenda kulala. Na kwa kuwa ameishi miaka mingi ndani ya mvuke, Mzee Mkunjo alikuwa na fikra zake ambazo watu wa nje hawakuwa nazo. Aliamini kwamba usingizi wa watu hubaki kwenye shuka. Aliponyoosha shuka mezani aliusoma kwa kiganja kabla ya kupitisha pasi. Shuka ya mtu aliyelala vizuri ilikuwa na mikunjo mipana, mivivu. Shuka ya mwenye mawazo ilikuwa na vikunjo vidogovidogo, kama utando wa maziwa yaliyopoa. Hizo alizipiga pasi polepole zaidi, akinyunyiza maji kwa vidole, ili mwenyewe akirudi kulala akute pametulia.

"Mzee, shuka ni shuka," mkewe alimwambia. "Nyoosha, kunja, weka."

Mkewe alifanya kazi pamoja naye kibandani, na yeye pia alipewa jina lake: Mama Mifuko. Kila nguo iliyoingia ilipita kwake kwanza. Aligeuza mifuko yote nje, akaipapasa pembe, na alichokikuta alikiweka kando mpaka mwenyewe aje. Funguo, pipi zilizoanza kulambwa, kipande cha mkufu, jino la mtoto lililofungwa kwenye kitambaa. Hakuna mtu mtaani aliyeweza kumficha Mama Mifuko kitu, na yeye hakumtangazia mtu siri. Alikuwa na macho makubwa matulivu na mdomo uliojua kunyamaza, ila kwa mumewe tu.

Kazi nyingine ya Mama Mifuko ilikuwa maji ya mwisho. Katika beseni la kusuuzia alimimina siki kidogo, ili sabuni iachie na kitambaa kibaki laini. Nguo ikikauka, harufu iliondoka yenyewe. Kwenye nguo iliondoka. Kwenye kibanda haikuondoka kamwe. Ilikaa kwenye kuta, kwenye mbao za meza, kwenye nywele zao na mikono yao. Wageni waliisikia wakikunja pua. Wao wawili walikwisha kuizoea, hata hawakujua tena kama ipo.

Basi, siku moja mwaka juzi, Mzee Mkunjo aliinua blanketi lililolowa akalishusha hapohapo. Alisema baadaye kwamba kifua chake kilikunjwa na mtu asiyejua kukunja. Alipelekwa hospitali, na huko mshipa wa moyo uliokuwa umeziba ukazibuliwa, ukawekewa kibomba kidogo cha waya kiushikilie uwe wazi. Akarudi na dawa mbili za kuzuia damu isigande ndani ya kile kibomba. Baada ya mwaka, moja ikasimamishwa. Ikabaki nyingine, kidonge kidogo cheupe, cha kila asubuhi, cha maisha.

Kidonge hakikuwa shida kumeza. Shida ilikuwa kukitoa. Vilikuja vimefungwa kimoja kimoja kwenye karatasi ya kung'aa, na vidole vya Mzee Mkunjo vilikwisha kuunguzwa na pasi mpaka ncha zake zikawa nyororo kama sabuni iliyotumika. Alikuwa akisukuma, kidonge kinateleza, karatasi inapinda, naye anaishia kuita, "Mama, njoo unisaidie, huyu kaniweza."

Mama Mifuko akaona isiwe tabu. Dawa mpya zilipoletwa alikaa kizingitini, akavitoa vidonge vyote kimoja kimoja kwa kucha zake, akivipigia wimbo. Akamwaga vifungo vilivyokuwa kwenye mkebe wa vifungo, akauosha mkebe, akaukausha kwa kanga yake, akavitia vidonge humo. Kisha akautafutia mahali ambapo mumewe hawezi kusahau. Mtu huyu akiingia kibandani, kitu cha kwanza ni kuwasha jiko. Basi mkebe ukakaa kwenye kirafu juu ya pipa. Kila asubuhi aliwasha jiko, akanyoosha mkono, akameza kimoja kwa maji ya bomba, na mvuke ukaanza kupanda. Dawa zikiisha, Mama Mifuko alikaa tena kizingitini.

Mambo yakaenda hivyo mpaka kile kifua kilipoanza tena kubana. Si kwa nguvu. Kilimbana alipopanda kigoda kutundika kamba, kikamwachia aliposhuka. Alitaka kunyamaza, lakini mkewe alikwisha kuona jinsi alivyoshikilia kamba bila kutundika kitu.

Daktari wa moyo alikuwa mtu wa maneno machache. Alimsikiliza kifua, akatazama picha, akasema damu yake inaelekea inaanza kujikusanya pale kwenye kibomba. "Hilo huwa kwa sababu mbili," alisema. "Kuna watu wachache ambao miili yao haiisikii hii dawa. Wanameza, lakini damu inaendelea kama kawaida. Kwao tunatafuta dawa nyingine. Na kuna wengine, ambao ndio wengi, hawamezi." Alisema bila kumtazama mtu. "Tutaipima damu yenyewe. Kesho asubuhi, na dawa zako zote uje nazo."

Mzee Mkunjo aliisikia sababu ya kwanza. Mama Mifuko aliisikia ya pili.

Na alikuwa na haki yake kuisikia. Zamani, watoto wao wakiwa wadogo, mumewe aliugua homa akapewa vidonge vichungu. Homa haikuisha. Mama Mifuko alipogeuza mfuko wa koti lake, tabia ya kazi, akakuta vidonge vyote humo vimefunikwa kwa leso. Alivisaga, akavitia kwenye uji, na mzee akaunywa huku akilalamika kwamba uji wa leo una hasira. Wakacheka miaka mingi kwa jambo hilo. Siku hii hakuna aliyecheka.

Waliporudi kibandani alasiri ile, kulikuwa na shuka za kukunja. Shuka kubwa hukunjwa na watu wawili. Kila mmoja anashika pembe mbili, wanarudi nyuma, wanaitingisha, kisha wanasogea mpaka mikono ikutane, mmoja anampa mwenziwe pembe na kuinama kuokota mkunjo. Wamefanya hivyo miaka yote, bila kuhesabu, kama watu wanaocheza ngoma ambayo wapigaji wake wamekwisha kwenda nyumbani. Na siku hiyo kila waliposogeleana, Mama Mifuko aliuliza swali, na kila waliporudi nyuma, alisubiri jibu.

"Kama humezi, niambie."

"Nameza."

Wakatingisha. Wakasogea.

"Mbele ya nani?"

"Mbele ya Mungu na hili pipa."

"Pipa halisemi."

"Na Mungu?"

"Mungu sijamuuliza. Nakuuliza wewe." Alimpa pembe, akaokota mkunjo, akabaki karibu. "Mzee, mimi si mtoto. Kama umechoka, sema umechoka. Nijue unataka kuniacha, nijipange. Lakini usinifanye nikutazame kila asubuhi ukinyoosha mkono kwenye mkebe, nami moyo unatulia, kumbe unanichezea."

"Sikuchezei."

"Koti lile lilisema hivyohivyo."

Mzee Mkunjo alirudi nyuma na pembe zake. Alikuwa na neno moja tu, nalo lilikuwa nameza, na lilikwisha kuchakaa kwa kusemwa. Alimtazama mkewe kupitia mvuke. Alimwona mbali, upande wa pili wa shuka nyeupe, kama mtu aliyeko ng'ambo ya mto. Usiku wa kuamkia siku ya kipimo hawakusemezana. Asubuhi Mama Mifuko alimwandalia shati, akamfungia vifungo vya mikono ambavyo vidole vyake haviviwezi, bila neno. Na kwa ajili ya ukimya huo, wakaondoka bila mkebe.

Chumba cha kupimia kilikuwa mwisho wa ujia mrefu. Hakikuwa na harufu yoyote. Ndani yake alikuwamo dada wa maabara, mwanamke wa makamo mwenye miwani iliyoning'inia shingoni, ambaye alisema na vichupa vyake kana kwamba vinasikia.

"Shikamoo, mzee. Umekuja kwa miguu?"

"Marahaba, mwanangu. Kwa miguu."

"Basi kaa kwanza. Damu iliyokimbizwa haipimwi. Tulia kama uko kwenye kiti chako."

"Mimi sina kiti. Kazi yangu ni ya kusimama."

"Leo basi umepata."

Akatulia. Alipotulia vya kutosha, dada wa maabara alimfunga mkono, akatafuta mshipa. "Jikaze kisabuni, mzee."

"Sabuni nazijua mimi. Hazijikazi, zinayeyuka."

Dada akacheka huku sindano imekwisha kuingia. Kichupa cha kwanza alikiweka kando. "Hii imeshtushwa na sindano, haitatuambia kweli," alisema, akajaza kingine na kingine. Hakuvitikisa. Alivigeuza chini juu taratibu, akavibeba mpaka mezani, akavisimamisha, na mkono wake ukabaki juu yake kidogo kabla ya kuondoka, kama mama anavyomlaza mtoto aliyesinzia begani na kuogopa kuuchomoa mkono mapema.

Mama Mifuko, aliyekaa karibu na mlango, aliuona ule mkono.

"Mbona unavipumzisha?" aliuliza.

"Kwa sababu ninachokitafuta kinaamka upesi, mama. Humu ndani kuna chembe ndogo, wenyewe tunaziita chembe sahani. Kazi yake ni kushikana mikono mahali palipokatika, damu isimwagike. Ukijikata na kisu, ndizo zinazokuokoa. Lakini kwenye kibomba cha mzee hazitakiwi kushikana. Ile dawa inazilaza. Sasa mimi nataka nizichokoze, nione kama zimelala kweli au zimefumba macho tu."

Akaizungusha damu kwenye mashine yake, polepole, mpaka ile nyekundu ikakaa chini na juu pakabaki maji ya manjano yenye ukungu. Akayachota, akayatia kwenye kichupa kidogo kuliko kidole cha mtoto, akakisimamisha mbele ya kijitaa. Mzee Mkunjo alisogeza uso. Ukungu ule aliufahamu. Ulikuwa ukizunguka ndani ya kichupa bila haraka, unapanda, unafikiri kidogo, unashuka.

"Ukungu huo ndio chembe zenyewe," dada alisema. "Nikidondosha tone hili la uchokozi, zilizo macho zitashikana, zitajikusanya mabonge, na ukungu utaondoka. Mwanga utapita. Zilizolala zitabaki zimetawanyika, na ukungu utabaki palepale. Mstari huu kwenye kioo utatuonyesha. Mwanga ukipita, unapanda."

"Kwa hiyo mimi nautaka ukungu," alisema Mzee Mkunjo.

"Wewe unautaka ukungu, mzee."

Aliona ni jambo jepesi. Maisha yake yote ameishi na ukungu, hawezi kuukosa leo. Dada akadondosha tone. Kitambo hakikutokea kitu. Kisha kichupa kikaanza kung'aa kutoka katikati, kama kibanda mtu anapofungua mlango ghafla. Mstari ukapanda, ukaendelea kupanda. Ukungu ulikwenda wote. Mzee Mkunjo akajikuta anaona upande wa pili wa kichupa, anaona dirisha, anaona mti wa nje na majani yake, wazi kabisa, na hajapata kuona kitu cha wazi kilichomtia baridi namna hiyo.

"Zimeshikana," alisema.

"Zimeshikana," dada alikubali. Akapima tena kwa kichupa kingine. Zikashikana tena.

Mama Mifuko alikuwa ameshikilia pembe ya kanga yake na kuikunja, kuikunja, mpaka haikukunjika tena.

Dada alikwenda kusema na daktari. Aliporudi alikuwa na vidonge vichache kwenye kikombe cha karatasi, vilevile vidogo vyeupe, ila vimetolewa sasa hivi kwenye karatasi zake. "Daktari anasema tusikisie. Mzee atafune hivi mbele yangu, akae nje kwenye benchi, halafu nitamtoa damu mkono ule mwingine. Kama mwili wake hauisikii dawa, ukungu utaondoka kama ulivyoondoka."

"Na ukibaki?" Mama Mifuko aliuliza.

Dada alivaa miwani yake, akaivua. "Tutazungumza ukibaki, mama."

Mzee Mkunjo alivitafuna. Vilikuwa vikavu, na vilikatika chini ya jino. Akashangaa kidogo, maana vyake vya kila siku vilikuwa laini, vikimomonyoka ulimini kabla ya maji. Lakini mawazo hayo yalipita kama mengine yanavyopita, naye hakuyashika.

Kwenye benchi alikaa karibu na msichana aliyempakata mtoto mchanga. Mtoto alikuwa macho. Alimtazama Mzee Mkunjo kwa muda, akanyoosha mkono, akakamata kidole chake, kile kidole nyororo kisicho na alama, akakishika kwa nguvu zake zote. Mzee Mkunjo hakujitingisha. Usingizi ukamchukua hapohapo. Akajiona yuko kibandani, na shuka zimetundikwa kila mahali, safu kwa safu, na nyuma ya kila shuka kuna mtu amelala amesimama. Alipita kati yake akizishika kwa kiganja. Zote zilikuwa na mikunjo mipana, mivivu. Alikuwa anaitafuta ya mkewe. Alipofikiri ameiona, shuka ilikuwa wazi kama kioo na nyuma yake hapakuwa na mtu.

Alipoamka, mtoto alikuwa amelala na kidole bado amekishika. Mama Mifuko alikuwa anakitazama kile kidole. Hakumtazama yeye, alikitazama kidole.

Waliitwa ndani. Mkono ule mwingine, kichupa cha kuwekwa kando, vichupa vya kupumzika, mashine, ukungu wa manjano, tone. Safari hii walikisogelea kichupa wote watatu, vichwa karibu kugusana. Mzee Mkunjo alisubiri mwanga. Mwanga haukuja. Ukungu ulizunguka, ukapanda, ukashuka. Mstari kwenye kioo ulilala chini, ukatetemeka kidogo, ukalala tena.

"Zimelala," dada alisema kwa sauti ya chini, kana kwamba zitasikia.

Mzee Mkunjo alitaka kufurahi. Kisha akageuka akamwona mkewe, na furaha ikamfia mdomoni.

"Kwa hiyo mwili wake unaisikia dawa," alisema Mama Mifuko.

"Unaisikia vizuri kabisa, mama."

"Ina maana angekuwa anameza, zingekuwa zimelala tangu asubuhi."

Dada alikitazama kichupa. "Kwa kawaida, ndiyo. Kidonge kimoja huzilaza siku kadhaa."

"Nameza," alisema Mzee Mkunjo.

Mama Mifuko aliinuka, akajifunga kanga yake upya. Sauti yake haikupanda. Ingepanda, ingekuwa afadhali. "Nakwenda kuleta mkebe," alimwambia dada. "Nikirudi mwulize wewe. Mimi nimemaliza kuuliza."

Kibanda hakikuwa mbali. Lakini kwa Mzee Mkunjo ule muda ulikuwa mrefu kuliko mwaka. Alimtazama dada akiandika, akatazama kichupa chenye ukungu, na kwa mara ya kwanza alijitilia shaka mwenyewe. Mtu anayeishi ndani ya mvuke, atajuaje? Labda kila asubuhi aliota tu kwamba amenyoosha mkono. Labda yuko yeye mmoja anayemeza, na yuko mwingine, wa kweli, asiyemeza.

"Mwanangu," alimwambia dada, "mtu anaweza kuota kitu hichohicho kila siku?"

"Kitu gani, mzee?"

"Basi, acha."

Mama Mifuko aliingia akihema, akauweka mkebe mezani. Dada akaufungua. Akarudisha kichwa nyuma. Akauinamia tena, polepole.

"Mama, umeutia nini humu?"

"Vidonge vyake. Nini tena?"

"Mbona siki?"

"Ah," alisema Mama Mifuko. "Hiyo ni sisi. Kila kitu chetu kinanuka siki, ndiyo kazi yetu. Hata mimi ukininusa."

"Nawa mikono pale, mama. Kwa sabuni yetu. Halafu uje unuse."

Mama Mifuko alinawa. Dada alimpa kwanza kidonge cha hospitali. Hakikunuka kitu. Kisha akamshikia mkebe chini ya pua. Na katika chumba kile kisicho na harufu, Mama Mifuko akaisikia siki, aliyokuwa hajaisikia kwa miaka, ikimpanda mpaka machoni. Haikuwa juu ya mkebe tu. Ilikuwa ndani ya vidonge.

Dada alichukua kimoja, akakibana kidogo. Kikavunjika kuwa unga wenye unyevu. "Hii dawa na mvuke haviivani," alisema. "Unyevu ukiiingia siku baada ya siku, inavunjika, na ikivunjika inatoa siki. Ndiyo maana inafungwa kwenye ile karatasi mpaka saa ya kumeza. Kwingine mtu angenusa akashtuka. Kwenu ingejifichaje vizuri zaidi?" Akamgeukia mzee. "Kwa hiyo ulikuwa unameza."

"Ndiyo neno langu toka jana."

"Ulikuwa unameza kila asubuhi, mzee. Ila ulichomeza hakikuwa dawa tena." Akaugeuza mkebe mkononi. "Nani alivitoa kwenye karatasi zake?"

Mama Mifuko alikuwa amesimama mbele ya meza, maji ya kunawia bado yanamdondoka vidoleni.

"Mimi," alisema Mzee Mkunjo upesi. "Nilivitoa mimi. Niliona uvivu kila siku kutoa kimoja."

"Mwongo," alisema Mama Mifuko.

Hajapata kulisema neno hilo kwa upole namna hiyo. Alimwendea mumewe, akamshika mkono, akaufungua kiganja mbele ya dada, vile vidole vyenye ncha nyororo zisizoshika kitu. "Tazama, dada. Hivi vingeweza? Kifungo cha shati kinamshinda. Ni mimi. Nilikaa kizingitini nikavitoa kimoja kimoja, na nikawa naimba. Na mkebe niliuweka juu ya pipa mimi mwenyewe, ili asisahau." Akakifumba kile kiganja ndani ya mkono wake. "Kisha nikamwita mchezaji."

"Hukusema mchezaji," Mzee Mkunjo alisema. "Ulisema nakuchezea."

"Nyamaza, Mzee."

Mzee hakuuachia mkono wake. Dada wa maabara akajishughulisha na vichupa vyake, akavigeuza vitatu vinne ambavyo havikuhitaji kugeuzwa.

Daktari hakubadilisha dawa. Alisema ileile, mradi iwe dawa. Wiki chache baadaye damu yake ilipopimwa tena, ukungu ulizunguka kichupani, ukapanda, ukashuka, ukakataa kuondoka. Kifua nacho kilianza kumwachia, hata akapanda kigoda akatundika kamba nzima huku mkewe amekishikilia kigoda kwa mikono miwili na kumtukana kwa upendo.

Siku hizi mkebe umerudishiwa vifungo vyake. Dawa zinakaa nyumbani, kavu, juu ya kabati la nguo, ndani ya karatasi zake. Asubuhi kabla hawajatoka, Mama Mifuko huketi ukingoni mwa kitanda, akasukuma kimoja kwa ukucha. Karatasi inatoa mlio mdogo, kama kijiti kinachovunjika. Hukinusa kwanza. Kisha humtilia mumewe kiganjani, naye hukimeza na kufungua mdomo kama mtoto, ulimi juu, ulimi chini.

"Mbele ya nani?" huuliza Mama Mifuko.

"Mbele yako."

"Na pipa?"

"Pipa lishike shughuli zake."

Kisha huenda kibandani, naye Mzee Mkunjo huwasha jiko. Mvuke ukianza kupanda, husimama pale kwenye kirafu kitupu, mkono umekwisha kunyooka wenyewe kwa mazoea, hauna cha kushika. Huucheka mkono wake. Halafu huita, "Mama, shuka," na kutoka ndani ya weupe pembe mbili humjia, na nyuma yake, uso wa mkewe.